Dozi ya Saa Nane Usiku

Nimodipini hutolewa kila baada ya saa nne, usiku na mchana, kwa siku 21. Ukianza saa kumi na mbili alfajiri, inayofuata ni ya saa nne asubuhi, kisha saa nane mchana, kumi na mbili jioni, saa nne usiku, saa nane usiku, halafu kumi na mbili inarudi. Kwa saa zetu ni nyakati tatu tu zinazopokezana, kumi na mbili, nne na nane, kila mmoja ukija mara mbili kwa siku. Dozi moja ni miligramu 60, yaani vidonge viwili vya miligramu 30. Hadi mwisho mgonjwa atakuwa amepewa dozi 126, vidonge 252, na dawa yote ukiipima pamoja ni gramu saba na nusu hivi. Daktari huandika yote hayo kwa mstari mmoja katika chati. Mstari huo huwapa wauguzi kazi ya wiki tatu, nami naiheshimu kazi hiyo kuliko nyingi zinazotajwa watu wanapolisifia jengo la hospitali.

Mgonjwa anayepewa dawa hii ametokwa na damu kuzunguka ubongo. Chini ya ubongo mishipa mikubwa huungana ikafanya duara, ambalo Thomas Willis wa Oxford alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664, michoro yake ikichorwa na Christopher Wren, yule yule aliyekuja kulijenga kanisa la St Paul's la London. Penye maungio ya duara hilo ukuta wa mshipa huweza kudhoofika ukatoa kivimbe, mfano wa tyubu ya baiskeli inapochomoza penye tairi iliyochanika. Wengi huishi na kivimbe hicho hadi kufa kwao kwa mambo mengine, bila kujua kama kipo. Kwa wachache hupasuka. Damu humwagika katika majimaji yanayouzunguka ubongo, na kichwa hushikwa na maumivu yanayofika kilele papo hapo, ambayo waliopona husema hawajawahi kuonja mfano wake. Shingo hukakamaa. Wengine hutapika, wengine huzimia, na wapo wasiofika hospitali wakiwa hai.

Anayefika hupigwa picha ya CT, kisha picha za mishipa, na kivimbe huzibwa. Njia ya zamani ni kulifungua fuvu na kukibana kwa klipu shingoni mwake. Walter Dandy aliifanya Marekani mwaka 1937. Njia ya pili ni kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, kutoka kwenye paja au mkono, na kukijaza kivimbe nyuzi za platinamu zinazojikunja, ufundi alioubuni Guido Guglielmi kule Los Angeles. Hizi ni kazi za mikono adimu, na nisingependa mtu adhani nazipunguzia sifa. Lakini zinamalizika ndani ya saa kadhaa. Ndugu wanaambiwa imekwenda vizuri, wanashukuru, wengine wanafunga safari kurudi nyumbani. Wauguzi ndio kwanza wanaanza kuhesabu siku.

Kuna hatari ya pili inayokuja baadaye, na inakuja kimyakimya. Damu iliyomwagika inapovunjika, kuanzia siku ya tatu au ya nne hadi kama siku ya 14, mishipa ya ubongo huweza kujikaza, na sehemu za ubongo zikakosa damu ya kutosha. Mtu aliyekula uji mwenyewe jana, leo anaushika mkono wake wa kulia na kuuangalia asijue kwa nini haushiki kijiko. Akikosa kushughulikiwa upesi, sehemu ile ya ubongo hufa, naye anatoka hospitali na kiharusi ambacho siku aliyoingia hakuwa nacho. Arthur Ecker na Paul Riemenschneider ndio waliochapisha picha za mishipa iliyojikaza namna hii, mwaka 1951. Miaka karibu 30 baadaye, mwaka 1980, Miller Fisher na wenzake wakaonyesha kwamba wingi wa damu katika picha ya CT ya siku za mwanzo unaashiria nani mishipa yake itakaza. Hapo madaktari waliweza kuiona hatari ikija. Kuizuia kulikuwa jambo jingine.

Dawa yenyewe ina ukoo mrefu, nami nitaupitia haraka. Katika miaka ya 1880 Sydney Ringer, daktari wa London, alikuwa akiufanya moyo wa chura uendelee kupiga ndani ya maji ya chumvi. Akaja kugundua kwamba maji yale yalichanganywa kwa maji ya bomba la mjini. Alipotumia maji yaliyosafishwa kabisa, moyo ulidhoofika na kusimama. Kilichopungua kilikuwa kalsiamu. Bila kalsiamu msuli haukazi. Katika miaka ya 1960 Albrecht Fleckenstein wa Freiburg, Ujerumani, akaona kwamba zipo dawa zinazoufanya msuli wa moyo ulegee kana kwamba umenyimwa kalsiamu, na ukiongezewa kalsiamu unarudia nguvu zake. Huko Wuppertal, wanakemia wa kampuni ya Bayer walikuwa wakitengeneza molekuli za jamii hiyo, wakapata nifedipini, na baada yake nimodipini. Msomaji huenda ana ndugu yao kabatini, maana amlodipini ya wazazi wetu wenye presha ni ya ukoo huo huo. Zote hufunga milango midogo ambayo kalsiamu hupitia kuingia katika seli. Nimodipini huyeyuka vizuri katika mafuta, hivyo hupenya na kufika kwenye ubongo, na kwa sababu hiyo ikachaguliwa kwa kazi hii. Amlodipini haichukui nafasi yake, na nalisema hili kwa sababu dukani mtu anaweza kushawishika kununua ile rahisi inayofanana nayo jina.

Mwaka 1983 George Allen na wenzake walichapisha jaribio lao la Marekani. Kati ya wagonjwa 60 waliopewa vidonge visivyo na dawa, 8 walipata madhara makubwa ya kudumu au walikufa kwa sababu ya mishipa kujikaza. Kati ya 56 waliopewa nimodipini, alikuwa mmoja. Kisha Uingereza ikafanya jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 1989 na John Pickard na wenzake: wagonjwa 554 katika vituo vinne vya upasuaji wa ubongo, miligramu 60 kila saa nne, kwa siku 21, wakianza ndani ya saa 96 tangu damu ilipotoka. Waliopata kiharusi cha namna ile walikuwa asilimia 22 kwa waliopewa dawa na asilimia 33 kwa wasiopewa. Waliokufa au kubaki na ulemavu mkubwa walikuwa asilimia 20 kwa asilimia 33.

Takwimu hizo hunukuliwa kila dawa hii inapozungumzwa. Mimi hukaa zaidi na jambo lililo nyuma yake. Jaribio lilifanywa kwa siri pande zote mbili: mgonjwa hakujua anameza nini, na muuguzi aliyempa hakujua pia. Nusu ya vidonge vile vilikuwa vitupu. Chukua wagonjwa 554, kila mmoja na dozi 126, na kama wote wangefika siku ya 21 tungekuwa na dozi karibu elfu sabini. Kwa kila moja kati ya hizo mtu aliinuka kitini, akatembea hadi kitandani, akamwamsha mgonjwa, akahakikisha amemeza, akaweka saini. Nyingi zilitolewa usiku. Kama wauguzi wale wangezembea, kama dozi za saa nane usiku zingerukwa ili watu walale, tofauti ile ya asilimia 33 na 22 ingefifia, na pengine dawa ingetupwa kama nyingi nyingine zilizojaribiwa zikatupwa. Majina yao hayamo juu ya makala ile, lakini ushahidi tunaoutumia hadi leo ulipita mikononi mwao dozi kwa dozi.

Tena kuna jambo la ajabu katika matokeo. Mishipa ilipopigwa picha, ile ya waliopewa dawa haikuonekana kupanuka kuliko ya wenzao. Dawa iliyotafutwa ili ilegeze mishipa inaponya bila kuonyesha kwamba imeilegeza. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba huzikinga seli za ubongo zenyewe wakati damu imepungua, na huenda hulegeza mishipa midogo mno ambayo picha haiioni. Kwa muuguzi maana yake ni kwamba hatapata dalili ya kumwambia kuwa dozi aliyoitoa imefanya kazi. Dawa ya maumivu hujibu kwa uso wa mgonjwa kulegea, na ya homa hujibu kwenye kipimajoto. Nimodipini haijibu. Ikifanya kazi yake vizuri, hakuna kitakachotokea, na asubuhi mgonjwa atakuwa vile vile alivyokuwa jana. Ndiyo sababu naiona kazi hii kuwa ngumu kuifanya vizuri mara 126 mfululizo.

Sasa twende kitandani, saa nane usiku. Nimewahi kukaa kando ya kitanda cha namna hiyo, nikimwuguza ndugu yangu, na nilichokiona kilinifundisha kutazama.

Muuguzi asiyejua huja na kikombe cha vidonge, humtikisa mgonjwa, humpa, huondoka. Anayejua huanza mlangoni. Anasimama kidogo kumsikiliza anavyopumua. Anawasha taa ndogo ya pembeni, anaiacha ile kubwa ya juu, kwa sababu mwanga mkali humwumiza mtu mwenye damu kuzunguka ubongo. Anaita kabla ya kugusa. Katika kitanda cha jirani alilala mama wa makamo, na muuguzi mmoja kijana alimwinamia akasema, “Mama, shikamoo.” Akangoja. “Marahaba, mwanangu,” ikaja kutoka usingizini. Mwanzoni niliona ni adabu tu. Usiku wa pili nikaona anachokifanya. Anaipima ile marahaba. Imekuja upesi au imechelewa? Imetamkwa yote au imekatika katikati? Midomo imefunguka sawasawa pande zote mbili? Mama yule alikuwa na desturi ya kuongeza “mwanangu” kila mara, na muuguzi aliijua desturi hiyo, kwa hiyo siku ambayo neno hilo lingekosekana angelijua pengo lake kabla mashine yoyote haijalia.

Kisha hufuata maswali ambayo yanaulizwa katika wodi za ubongo pote duniani, tangu Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walipotoa kipimo chao cha fahamu mwaka 1974. Jina lako nani? Hapa tuko wapi? Huu mwezi gani? Macho yanafunguka yenyewe, au kwa kuitwa, au kwa kufinywa? Jumla ya juu ni 15 na ya chini ni 3. Wagonjwa huyachoka maswali haya, na wengine huyajibu kwa hasira. Yule kijana hakuyaacha, lakini aliongeza la kwake kila usiku: mjukuu yule aliyekuja jioni anaitwa nani, alikuletea nini. Jibu la swali ambalo mtu hakulitazamia humwonyesha muuguzi akili inavyotembea kuliko jibu lililozoeleka.

“Nyoosha mikono, mama. Viganja vitazame juu. Fumba macho.” Akahesabu taratibu mpaka kumi. Hapo anatafuta kitu kidogo sana. Mkono unaoanza kudhoofika hauanguki kwa kishindo. Kiganja hugeuka ndani kidogo kidogo, kisha mkono hushuka kwa upana wa kidole. Mgonjwa mwenyewe hajui. Muuguzi anayetazama huku akiwaza kitanda kinachofuata hataona. Baada ya hapo, tochi machoni, mboni moja, kisha ya pili. Minya vidole vyangu. Sukuma kwa mguu. Yote haya huchukua dakika chache, na hufanywa kabla kidonge hakijatoka kwenye pakiti yake.

Halafu presha, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Nimodipini ni dawa ya ukoo wa dawa za presha, hivyo huishusha. Wakati huo huo mishipa iliyojikaza huhitaji msukumo wa damu ili kitu kipite. Dawa inayoukinga ubongo yaweza basi kuunyima damu, ikiwa presha itaanguka baada ya dozi. Kwa hiyo muuguzi hupima kabla, akatoa dozi, akarudi kupima tena ndani ya saa moja, maana dawa hufika kilele katika damu mapema. Daktari amekwisha kuandika kiwango ambacho presha isishuke chini yake. Ikishuka, hatua ya mzembe ni kuiruka dozi na kuandika kwamba presha ilikuwa chini. Anayeielewa dawa humwita daktari, na mara nyingi daktari huigawa: miligramu 30 kila saa mbili badala ya 60 kila saa nne. Mgonjwa anapata kiasi kile kile kwa siku bila presha kuyumba. Muuguzi naye anaenda kitandani mara kumi na mbili badala ya sita. Sikumsikia mtu akilalamika. Kijana yule alichukua kalamu akaandika nyakati mpya pembeni mwa chati, zote kumi na mbili, kwa mwandiko wa kusomeka, ili wa zamu ya asubuhi asije akakisia.

Kwa nini saa nne kamili, mtu anaweza kuuliza, kwa nini isiwe mara tatu kwa siku kama dawa nyingine? Kwa sababu ini huiharibu kwa haraka. Katika kila dozi inayomezwa, kama asilimia 13 tu ndiyo huvuka ini ikaingia kwenye mzunguko wa damu, na hiyo iliyoingia hupungua kwa nusu ndani ya saa moja au mbili. Dozi ikichelewa kwa saa tatu, kwa muda fulani mgonjwa anabaki na dawa kidogo sana mwilini. Ini hilo hilo ndilo linalomfanya mgonjwa wa ini lililosinyaa apewe nusu ya dozi, maana kwake dawa haiharibiwi upesi, inajazana.

Mfamasia naye ana nafasi yake katika kazi hii, na watu humsahau. Rifampisini ya kifua kikuu huliamsha ini liiharibu nimodipini hadi isibaki ya kutosha. Fenobabitali, fenitoini na kabamazepini, dawa za kifafa, hufanya vivyo hivyo. Upande wa pili zipo zinazolizuia ini, kama klarithromaisini na ketokonazoli, na hizo huipandisha nimodipini kupita kiasi, presha ikaanguka. Kwa hiyo mfamasia mzuri haulizi tu dawa za hospitali. Anauliza mgonjwa alikuwa akimeza nini nyumbani mwezi uliopita, na anamwuliza ndugu, kwa sababu mgonjwa huenda hakumbuki. Matunda nayo yamo. Juisi ya balungi huzuia ini kama zile dawa nilizozitaja. Wageni huja na kapu, machungwa, ndizi, papai, yote karibu. Balungi lirudi nyumbani.

Hata chakula kina saa zake. Maelekezo ya kawaida ni kumeza saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Ukiwa na dozi sita kwa siku na mgonjwa anayehitaji kula ili apate nguvu, hiyo ni hesabu ya kupangwa. Chai ya asubuhi saa moja baada ya dozi ya kumi na mbili. Chakula cha mchana saa sita kamili, au kisubiri hadi saa tisa. Niliwaona wauguzi wakizungumza na wagawa chakula kuhusu kitanda kimoja, sahani moja, dakika thelathini. Nao waligawa kuanzia upande mwingine wa wodi ili kitanda kile kifikiwe mwisho.

Wagonjwa wasioweza kumeza hupewa kwa mrija wa puani. Kidonge husagwa, huchanganywa na maji, hupitishwa mara moja, mrija ukasukumiwa maji mengine nyuma yake ili kisibaki chochote kwenye kuta za plastiki. Mara moja, kwa sababu mwanga huiharibu dawa hii. Haisagwi asubuhi ikawekwa mezani kungojea mchana. Na hapa ipo hatari iliyowahi kuua watu. Marekani dawa hii huja zaidi katika kapsuli laini zenye majimaji ndani. Muuguzi alilazimika kuitoboa kapsuli, kuvuta majimaji yale kwa sindano, na kuyapeleka kwenye mrija wa puani. Mkononi ana sirinji yenye dawa. Mbele yake, kwenye mkono wa mgonjwa, ipo njia ya dripu. Baadhi walikosea njia. Dawa ya kumezwa ikiingizwa kwenye mshipa wa damu huweza kuangusha presha hata moyo ukasimama. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo zito kwenye maelezo ya dawa hiyo, na mwaka 2013 ikaidhinisha dawa ya maji ya kunywa ili kapsuli zisitobolewe tena. Kabla ya hapo, na hata sasa pale ambapo kapsuli ndizo pekee zilizopo, kinga ni sirinji ya kinywani ambayo mdomo wake hauingii kwenye dripu, na lebo iliyobandikwa kabla ya dawa kuvutwa. Kubandika lebo kwenye sirinji tupu, kabla hujaijaza, ni tendo la sekunde tano. Kila nimwonapo mtu akilifanya namuamini zaidi.

Nimodipini ya kupitishwa kwenye mshipa ipo pia, ikitengenezwa peke yake kwa kazi hiyo, na ina masharti yake: huyeyushwa kwa alkoholi, hunata kwenye mirija ya plastiki ya PVC hadi dawa ikabaki ukutani, na chupa yake hufichwa jua. Sitakaa hapo. Kidonge kinatosha kwa wengi, na majaribio niliyoyataja yalikuwa ya dawa ya kumezwa.

Kuna mengine yanayozunguka dozi ambayo chati haiyataji kwa heshima inayostahili. Maji yanayoingia na mkojo unaotoka hupimwa, kwa sababu mgonjwa huyu akikaukiwa ubongo wake hukaukiwa damu. Zamani baadhi yao walinyimwa maji, leo hawanyimwi. Chumvi ya damu hushuka kwa wengi, na kichwa cha mgonjwa huchanganyikiwa kwa sababu hiyo pia. Dawa ya kulainisha choo hutolewa ili asijikamue. Ajuaye kazi huyaunganisha haya yote na ile ziara ya saa nane: fahamu, mikono, presha, vidonge, maji ya kunywa, kumgeuza, kuumwaga mkojo na kuuandika, kisha taa inazimwa, na mgonjwa anaachwa alale hadi kumi na mbili. Akirudi kupima presha anaipima bila kumwamsha. Usingizi wa mgonjwa hulindwa kwa kuuvunja mara moja badala ya mara tano.

Wapo wanaoruhusiwa kabla ya siku ya 21. Kivimbe kimezibwa, siku za hatari kubwa zimepita, anatembea, lakini vidonge bado. Basi kazi inahamia nyumbani, na muuguzi inabidi amfundishe mtu mwingine kwa nusu saa kitu alichokijua kwa miaka. Mama yule wa kitanda cha jirani aliondoka na binti yake. Kijana alimkalisha binti kitini akampa kalamu. Wakaandika pamoja nyakati sita za kila siku. Akamwambia aweke kengele ya simu kwa dozi zote sita, hata za mchana, kwa maana watu husahau ya saa nane mchana kuliko ya usiku. Dozi ikisahaulika, asije akatoa mbili kwa pamoja. Aendelee na inayofuata kwa saa yake. Asimame mama taratibu, akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Vidonge vikae kwenye pakiti yao, mbali na jua la dirishani. Kisha akamwonyesha mikono, viganja juu, macho yamefumbwa, akamwambia amwamshe mama kwa salamu na asikilize. “Unaijua marahaba yake kuliko mimi,” alisema. “Ikibadilika, au mkono ukishuka, au kichwa kikimuuma upya, au akawa mgumu kuamka, usingoje kuche. Mlete.”

Mwisho wakahesabu vidonge. Zilikuwa zimebaki siku tisa, vidonge kumi na viwili kwa siku, 108. Walivihesabu mara mbili, binti akihesabu kwa sauti ya pili, na walipokuta pungufu ya viwili kijana alikwenda dirishani kwa mfamasia kuvifuata, akarudi navyo, na binti akatia saini.